Moto Kwanza au Nguvu Kwanza? Ulinganisho wa Vifaa vya Kuboresha Baiskeli ya Injini kwa Barabara za Dodoma

Mtu aliyefunga injini ndogo ya mipigo miwili kwenye baiskeli yake na kuitumia miezi kadhaa kati ya mjini na shambani hufika mahali pa kujiuliza swali moja. Fedha kidogo aliyonayo aitie kwenye moto, yaani plagi, waya, CDI (kisanduku cha kurusha cheche) na koili ya magneti, au aitie kwenye injini yenyewe, yaani kabureta, hedi (kifuniko cha juu cha silinda), sailensa na pistoni? Nimelinganisha vifaa hivyo kwa macho ya mtumiaji wa Dodoma, kwa sababu kifaa kinachosifiwa na mwenye barabara ya lami kando ya bahari kinaweza kuwa hasara kwa mtu anayepanda kutoka Miyuji kwenda Veyula na Makutupora, kiangazi, akiwa na kreti mbili za zabibu nyuma. Ndiyo safari yangu mimi, na baiskeli yangu ni Phoenix ya magurudumu ya inchi 28.

Kabla ya kununua chochote, ijue injini yako. Injini nyingi za aina hii huuzwa kwa jina la "80 cc", lakini kipenyo cha silinda ni milimita 47 na mwendo wa pistoni ni milimita 38, na ukipiga hesabu unapata takriban cc 66. Zipo nyingine zenye mwendo wa milimita 40, ambazo hufika karibu cc 69. Tofauti hiyo ya milimita mbili haionekani kwa nje, lakini pistoni ya moja haifai kwa nyingine, kwa hiyo usiende dukani na jina la "80" peke yake. Chomoa plagi, ingiza spoku iliyonyooka kwenye tundu lake, zungusha gurudumu polepole, uweke alama pistoni ikiwa juu kabisa na nyingine ikiwa chini kabisa, kisha pima umbali kati ya alama hizo. Ni kazi ya dakika tano inayokuokolea safari ya pili ya dukani.

Jambo la pili ni mwinuko wa mji wenyewe. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na Dar es Salaam. Kabureta haijui kwamba imehamia bara. Inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha pwani ilhali hewa imepungua, na matokeo yake ni mchanganyiko mzito: plagi inakuwa nyeusi na yenye unyevu, injini inamisi inapovutwa, inakohoa kwenye mwendo wa kasi, na mwenye nayo anaapa kwamba moto ni dhaifu. Mimi niliapa hivyo hivyo. Nilinunua CDI mpya niliyoambiwa ni ya mbio, nikaifunga, na injini ikaendelea kumisi kama jana yake. Fundi mmoja mzee wa pale Majengo aliichomoa plagi, akaigusisha kwenye hedi chini ya kivuli cha mwarobaini, akaniambia nisukume baiskeli. Cheche ikaruka, ya buluu, tena ikisikika. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, moto upo. Wewe ndiye unauzamisha." Kasoro ilikuwa kwenye jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli. Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo kwamba kwa Dodoma, mjadala wa moto hauwezi kutenganishwa na mjadala wa kabureta, na atakayeutenganisha atanunua vifaa viwili badala ya kimoja.

Plagi

Plagi inayokuja na seti ya injini hufanya kazi, lakini ubora wake hubadilika kutoka seti moja hadi nyingine, na nimewahi kuiona moja ambayo kaure yake ilicheza ndani ya chuma. Mbadala unaojulikana zaidi ni NGK B6HS, na hapa inafaa kuyasoma maandishi yake, maana kila herufi ina kazi. B ni uzi wa kipenyo cha milimita 14. Namba 6 ni daraja la joto. H ni urefu wa uzi, milimita 12.7. S ni kiini cha shaba katika ncha ya katikati. Ukielewa hivyo, huwezi kudanganywa na plagi ya B6ES, ambayo uzi wake una kipenyo kile kile na hivyo huingia bila ubishi, lakini urefu wake ni milimita 19, na ncha yake inaweza kukutana na pistoni. Plagi ya D8EA iliyozoeleka kwenye pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 yenyewe haishiki kabisa, kwa kuwa uzi wake ni wa milimita 12.

Ukilinganisha B6HS na jamaa zake wa karibu, tofauti iko kwenye joto. Kwa NGK, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, yaani inapeleka joto kwenye hedi upesi zaidi. Kampuni nyingine, kama Bosch, huhesabu kinyume, kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni mbili. B5HS ni ya moto zaidi na huunguza masizi vizuri kwa mtu wa safari fupi za mjini, wa kusimama kila kona kati ya Makole na soko la Sabasaba. B7HS ni ya baridi na inamfaa anayekwenda mwendo mrefu bila kupumzisha injini, jua likiwa kali. Kwangu mimi, B6HS imetosha kwa yote mawili, na sioni sababu ya kumpeleka mnunuzi mpya kwingine. BP6HS, yenye ncha iliyochomoza zaidi, husaidia kidogo injini isimisi kwenye mwendo wa polepole, lakini kwa mtu aliyefunga hedi ya kubana sana ni lazima apime kwanza nafasi iliyopo juu ya pistoni.

Plagi za iridiamu zinavutia, na sifa yake ni ya kweli: ncha nyembamba huhitaji umeme mdogo zaidi ili kurusha cheche. Hata hivyo, injini ya mipigo miwili hula oil pamoja na petroli, na plagi ikilowa oil wewe hutaka kuisugua kwa brashi ya waya, jambo ambalo ncha ya iridiamu haivumilii. Kwa bei ya moja unapata plagi kadhaa za shaba. Mtu ambaye bado hajatengeneza mchanganyiko wake asiinunue.

Pengo la plagi liwe kati ya milimita 0.6 na 0.7, lipimwe kwa fila geji, yaani vibamba vya kupimia nafasi ndogo, wala si kwa jicho. Katika kukaza, zungusha kwa vidole mpaka iguse, kisha plagi mpya iongezewe nusu mzunguko kwa spana ili washa yake ibonyee. Iliyokwisha kutumika inahitaji kiasi kile tu mshale wa saa unachosogea kutoka namba 12 hadi namba 1. Hedi ni ya aluminiamu, na uzi ukishaharibika, gharama yake haifanani hata kidogo na bei ya plagi.

Waya na kofia ya plagi

Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu upande wa moto, ningebadilisha waya. Waya unaokuja na injini una nyuzi chache, ganda lake hukakamaa kwa joto, na umeshikwa ndani ya CDI kwa msumari mdogo wenye uzi wa skrubu. Mtikisiko wa barabara ya makorongo unaulegeza taratibu. Jioni moja, nikitoka Makutupora, injini ilizima karibu na Veyula, ikawaka, ikazima tena, na nikasukuma hadi nyumbani nikiamini koili imekufa. Kumbe waya ulikuwa umechomoka kwa upana wa ukucha. Waya wa milimita 7 wenye kiini cha shaba, unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya spea za magari, unaingia mahali pale pale: ondoa wa zamani kwa kuuzungusha kinyume, kata ncha mpya iwe sawasawa, ipake grisi ya umeme, uuzungushe uingie mpaka ugome, kisha ufunge kwa tai ya plastiki ili uzito wake usining'inie kwenye CDI.

Kofia ya kawaida ya seti ni ya plastiki na hushika kichwa cha plagi kwa shida. Kofia ya NGK yenye rezista ya kiloomu 5 ina kishikio imara na mpira wa kuzuia vumbi na maji, na hupunguza kelele za redio. Usiweke kofia yenye rezista juu ya plagi yenye rezista, yaani ile yenye herufi R katika jina lake, kama BR6HS, kwa sababu umeme wa injini hii si mwingi kiasi cha kugawana mara mbili.

CDI na koili ya magneti

Katika injini hizi, CDI na koili ya umeme mkubwa zimo ndani ya kisanduku kimoja cheusi. Magneti iliyo kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka kando ya koili, umeme unaozalishwa hujaza kapasita, kisha kapasita inafunguliwa ghafla na cheche inaruka. CDI ya kawaida hurusha cheche karibu kwa wakati ule ule wa mzunguko, injini ikiwa polepole au kasi. Zile za bei ya juu huchelewesha cheche kadiri mizunguko inavyopanda, na faida yake ni ya kweli kwa injini inayokwenda mizunguko mingi, kwa sababu joto huhama kutoka kwenye pistoni kwenda kwenye sailensa, na injini hulainika. Lakini ili uione faida hiyo inabidi injini iwe na sailensa na kabureta za kuifikisha kwenye mizunguko hiyo. Baiskeli ya kubebea mzigo, inayofanya kazi kati ya mizunguko 2,500 na 4,000 kwa dakika, haitaonja tofauti kubwa. Nasema hivi kwa mtu ambaye CDI yake ni nzima. Aliye na CDI iliyokufa anunue ya kawaida, abakiwe na fedha ya filta.

Koili ya magneti, kinyume chake, inastahili kuangaliwa kabla haijafa. Chomoa waya wa buluu na mweusi kutoka kwenye CDI, weka mita kwenye omu, upime kati yake. Koili nzima husoma takriban kati ya omu 300 na 400. Ikisoma sifuri imeungana ndani, na isiposoma kitu imekatika. Koili zinazouzwa kuwa ni imara zaidi zina waya uliofunikwa vizuri na lehemu safi, na hapo ndipo za kawaida hufia, kwenye maungio mawili madogo ambayo mtikisiko huyachosha. Fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuyalehemu upya yale maungio ya koili ya kawaida na kuyafunika kwa gundi ya epoksi, na kwa maoni yangu koili iliyotengenezwa hivyo inakaribia kabisa ile ya bei kubwa.

Kuna waya wa tatu, mweupe, unaotoka kwenye magneti. Ulikusudiwa taa. Ukiuunganisha na taa unaiba umeme wa plagi, na kuna watu huufunga kwenye swichi ya kuzimia wakaharibu moto wote. Uufunge utepe peke yake, ukae. Swichi ya kuzimia kazi yake ni kuugusisha waya wa buluu na mweusi, na ndiyo sababu swichi yenye kutu au iliyolowa maji huzima injini nzima. Siku injini isipotoa moto, ondoa kwanza nyaya za swichi, ujaribu tena, kabla hujamshuku mtu yeyote aliyekuuzia CDI.

Filta na kabureta

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Dodoma, Bahi au Kongwa akae muda mrefu zaidi, maana vumbi letu halina mzaha. Katika injini ya mipigo miwili, hewa haiendi moja kwa moja juu ya pistoni. Inapita kwanza chini, kwenye krenki, ikazigusa beringi zote, ndipo ikapanda. Chembe ya vumbi iliyopita kwenye filta inasaga beringi kubwa, beringi ndogo ya pini ya pistoni, ringi na ukuta wa silinda, kwa mfuatano huo. Filta ya kawaida ya seti ni kipande chembamba cha sponji ndani ya kifuniko cha plastiki, na kifuniko hicho hakikai sawasawa kwenye mdomo wa kabureta. Mbadala wa kwanza ni filta ya koni yenye waya na pamba, nzuri kwa macho na inayopitisha hewa nyingi, lakini nyingi za bei nafuu hupitisha na vumbi. Mbadala wa pili ni sponji nene ya tabaka mbili, inayooshwa kwa sabuni, kukaushwa kivulini, na kulowekwa oil kidogo kisha kukamuliwa mpaka isidondoshe. Mimi ni wa sponji. Kuanzia Juni hadi mvua za Desemba naiosha kila wiki, na maji ya kwanza hutoka mekundu kama udongo wa barabara ya Veyula.

Upande wa kabureta, ile inayokuja na injini, iliyozoeleka kwa jina la NT, ina sindano yenye mikato ya kuweka klipu. Ukiipandisha klipu mkato mmoja juu, sindano inashuka na petroli inapungua katika mwendo wa kati. Ni faida kubwa kwa mtu wa bara, kwa sababu unaweza kuanza kurekebisha bila kununua chochote. Mshindani wake ni kabureta zilizonakiliwa kutoka muundo wa Dell'Orto SHA, ambazo hazina sindano kabisa. Petroli yote inaamuliwa na jeti na mlango unaopanda na kushuka. Kabureta hizi floti yake, yaani boya la petroli, imetulia zaidi na hazivuji ovyo, lakini bila jeti kadhaa za kujaribia utabaki na kipimo cha kiwandani, ambacho kwa kawaida ni kizito kwa mwinuko wetu. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni kama anazo jeti za namba ndogo. Kama hana, baki na NT.

Namna ya kupima ni ile ile kwa zote mbili. Panda mlima ukiwa umefungua mafuta yote, kata moto ukiwa bado kwenye mwendo, ubane klachi, usimame, uchomoe plagi. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo unayoitafuta. Nyeusi yenye unyevu ina maana petroli ni nyingi, punguza jeti hatua moja. Nyeupe kama chokaa ina maana hewa imezidi, na hapo simama, usiendelee na safari, kwa sababu pistoni iko karibu kushika. Wengi wenye jeti moja huiziba kwa lehemu na kuitoboa upya kwa sindano nyembamba ya kutobolea. Inafanya kazi, ila chukua hatua ndogo ndogo, kwa kuwa tundu likishapanuka halirudi. Kabla ya kuamini rangi ya plagi, hakikisha gasketi ya mdomo wa kabureta haivuji. Paka grisi kuzunguka maungio injini ikiwa inanguruma taratibu. Mlio ukibadilika, kuna hewa inayoingia kwa wizi.

Kuhusu oil, injini mpya ipewe sehemu 1 ya oil ya 2T kwa 16 za petroli kwa lita chache za mwanzo, kisha 1 kwa 25, yaani mililita 200 ndani ya dumu la lita 5. Kwa mzigo na jua la Oktoba mimi hurudi 1 kwa 20, yaani mililita 250, na sijutii moshi wa ziada.

Hedi

Hedi ya kawaida ina tumbo la mviringo na haibani sana. Hedi za kuchongwa kwa mashine, zenye mapezi marefu na tumbo dogo, hubana zaidi na kutoa joto vizuri. Kwa haki yake, hedi ya kubana ina hoja nzito zaidi Dodoma kuliko pwani, kwa sababu hewa yetu nyepesi imeshapunguza mgandamizo kabla hujaanza, na hedi hiyo inarudisha sehemu ya kilichopotea. Mtu mwepesi, asiye na mzigo, anayekwenda kwenye lami kutoka Nala hadi mjini, atafurahi nayo. Kinachonizuia kuipendekeza kwa wote ni mlima wenye mzigo, mizunguko michache na jua la saa nane. Hapo ndipo injini huanza kugonga kwa mlio wa kokoto ndani ya kopo, na kugonga huko kukiendelea pistoni hutoboka. Tena hedi ya kubana inahitaji moto imara zaidi, maana cheche huruka kwa shida katika hewa iliyobanwa. Asiyebadilisha waya na plagi kwanza ataona injini inamisi, naye atailaumu hedi.

Ukiamua kuifunga, pima nafasi iliyobaki kati ya pistoni na hedi. Chukua waya wa lehemu laini, upinde ncha yake, uingize kwenye tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda upande wa pini, kisha zungusha injini kwa mkono ipite juu mara moja. Utoe. Ncha yake itakuwa imebonyea kama jani, na unene wa hilo jani ndio nafasi yenyewe. Ikiwa karibu na milimita 1, uko salama. Ikishuka chini ya milimita 0.7, ongeza gasketi.

Njia ya tatu, ambayo haina mng'aro wowote, ni kuinyoosha hedi uliyonayo. Weka msasa mwembamba juu ya kipande cha kioo cha dirisha, uunyunyizie maji, uisugue hedi kwa mizunguko ya namba nane mpaka uso wote uwe na rangi moja. Hedi nyingi za kiwandani zina bonde, na mgandamizo huvuja hapo siku zote bila mtu kujua. Rudisha na gasketi mpya, kaza nati kwa mshazari, hatua kwa hatua, hadi takriban Nm 16 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa stadi za milimita 8, na urudie injini ikishapoa baada ya safari ya kwanza. Baiskeli yangu ilipata nguvu kutokana na kazi hiyo ya asubuhi moja kuliko kitu kingine chochote nilichokinunua, ukiacha jeti.

Sailensa, pistoni na beringi

Sailensa yenye tumbo, ile inayopanuka na kusinyaa, hurudisha wimbi la moshi na kusukuma hewa safi iliyokuwa inatoroka irudi ndani ya silinda, lakini kazi hiyo huifanya kwenye mizunguko mingi tu. Chini yake, injini yaweza kuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa, na kelele yake asubuhi katika mtaa kama Chang'ombe ni kero kwa majirani. Kwa mzigo, baki na ya kawaida, uisafishe masizi.

Pistoni ya kawaida ni nzuri kuliko jina lake. Kinachofaa kubadilishwa mapema ni beringi ndogo ya pini ya milimita 10, ambayo huja na vijiti vichache na kizimba dhaifu, na ikivunjika vipande vyake humaliza silinda. Ringi nazo, ukiiingiza moja kwenye silinda na kuisukuma kwa pistoni ikae sawa, na ukaona pengo lake limezidi nusu milimita, zibadilishe zote mbili. Sili za krenki zikivuja, hewa huingia upande wa magneti, na hakuna jeti itakayokupa rangi ya chai ya maziwa mpaka zibadilishwe.

Sproketi

Watu husahau kwamba nguvu ya mlimani inaweza kununuliwa bila kuigusa injini. Sproketi ya nyuma inayokuja na seti nyingi ina meno 44, na ya injini ina meno 10. Ukijumlisha na gia ya ndani ya 4.1 kwa 1, kwenye gurudumu la inchi 28, mizunguko 4,000 kwa dakika inakupa karibu kilomita 30 kwa saa. Ukifunga ya meno 36, mizunguko ile ile inakupa karibu kilomita 36. Kwa barabara tambarare ya kwenda Bahi, ya meno 36 inaipumzisha injini na kupunguza mtikisiko. Kwa mwenye mzigo na mlima, inailazimisha ivute ikiwa kwenye mizunguko michache, pale pale ambapo joto hujikusanya, naye ataanza kutafuta hedi na sailensa za kuponya kasoro aliyojiundia mwenyewe. Nilifunga ya 36 mwezi mmoja, nikairudisha ya 44 kabla ya mavuno.

Mwenye Phoenix ya breki za fimbo, ambazo hubana rimu kutoka chini, apime pia umbali wa kusimama akiwa na kreti zake zote, kwa kilomita 30 kwa saa, mahali pasipo na watu. Mimi nilipima kwenye barabara ya vumbi nyuma ya Miyuji, nikahesabu hatua 22 tangu nilipobana, na fedha niliyokuwa nimeiwekea sailensa ikaenda kwenye rimu ya mbele na breki ya kebo.